Treni ya mfano mikononi mwa watoto wadogo: uchambuzi wa kisa kimoja cha Tabora

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha malezi ya watoto kilichopo Tabora mjini, kwenye mtaa ambao honi ya treni husikika hadi vyumbani usiku. Majina yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini yamebadilishwa ili familia zisitambulike. Mwalimu wa kituo na wazazi wa mtoto anayehusika zaidi wameridhia kiandikwe. Mimi huwashauri walimu wa vituo vya namna hii, na niliitwa baada ya siku ya kwanza. Yaliyotokea siku hiyo nimeyapata kwa mwalimu, kwa mzee mwenye treni na kwa mama wa mtoto, kila mmoja kwa wakati wake.

Tabora ni mji wa reli. Njia kutoka Dar es Salaam ilifika hapa 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Ni vigumu kupata mtoto wa mtaa huo asiye na babu au mjomba aliyewahi kula mshahara wa reli. Kwa hiyo fundi mmoja mstaafu wa karakana ya vichwa vya treni alipoletewa seti ya treni ya mfano na mwanawe anayeishi Ujerumani, watoto wa kituo walijua kabla ya siku kuisha.

Seti yenyewe ilikuwa na kichwa kimoja, mabehewa matatu ya mizigo, reli za kuunganisha, kipande cha kubadili njia, transfoma, na kidhibiti chenye nobu ya kuzungusha. Ni aina kubwa, ile inayopita kwenye reli yenye upana wa milimita 45. Vipimo vyake vimepunguzwa mara 22.5, maana yake milimita 45 hizo ni karibu sawa na mita moja, upana wa Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani. Mzee alilijua hilo kwa rula kabla hajafungua maelezo, na ndipo aliposema treni hii si ya kuwekwa kabatini. Alitaka watoto waiendeshe wenyewe.

Ukubwa huo ulikuwa bahati njema. Aina ambayo watu wazima wengi duniani huipenda ina reli ya milimita 16.5 tu, na vipuri vyake vidogo hukatika na kuingia mdomoni bila mtu kuona. Viwanda vya vitu vya watoto hupima kwa kikopo chenye kipenyo cha milimita 31.7: kitu kikiingia chote humo, hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nyumbani, mrija wa katikati wa karatasi ya chooni unasaidia kukisia, nao ni mpana kidogo, jambo linaloongeza tahadhari. Behewa la Mzee haliingii. Mapipa ya mapambo na viungio vya mabehewa viliingia.

Siku ya kwanza

Ilikuwa Jumamosi. Walikuja watoto wa kituo pamoja na kaka na dada zao, umri kuanzia miaka mitatu hadi minane. Mzee alitandika reli juu ya meza ya ofisi iliyowafikia watoto wengi kifuani. Transfoma iliwekwa mezani hapohapo, ikachomekwa kwenye ekstensheni iliyopita sakafuni. Amri ilikuwa moja: tazameni kwa macho, msiguse.

Amri hiyo haikudumu, na isingeweza kudumu. Mzee mwenyewe alilegea, akaanza kumwita mtoto mmoja mmoja, akimshika mkono juu ya nobu. Waliosalia wakasogea, wakabanana. Binti wa miaka sita alipopewa nafasi, Mzee aligeuka kumzuia mwingine aliyekuwa akipanda kiti. Binti akazungusha nobu hadi mwisho. Treni iliingia konani kwa kasi, ikaacha reli, na kichwa kikaanguka sakafuni karibu kabisa na mguu wa mtoto. Ni chuma na plastiki nzito; kingemvunja kidole.

Watu wazima wote watatu waliokuwamo chumbani walikimbilia pale, mmoja akamwangalia mtoto mguu, mwingine akaokota kichwa, wa tatu akamtuliza binti aliyekuwa analia kwa hofu ya kugombezwa.

Katika dakika hizo, mvulana wa miaka mitatu alikuwa ameketi kwenye mkeka upande wa pili, mkononi ana taa ndogo ya kivuko cha reli, mahali barabara inapokatisha njia ya treni. Taa mbili za namna hiyo Mzee alikuwa amezinunua sokoni ili kupamba njia. Hazikuwa sehemu ya seti, wala hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto. Kifuniko cha betri yake hakikuwa na skrubu. Kilifunguka kwa ukucha.

Mwalimu ndiye aliyeiona ikiwa wazi na tupu. Akachuchumaa.

“Betri iko wapi, baba?”

“Imeingia.”

“Imeingia wapi?”

Mtoto akanyamaza. Hakukohoa wala kutoa mate, na hakulalamika.

Uamuzi wa kwenda hospitali

Mzee alishauri watafute kwanza, kwani chumba kilikuwa kidogo. Hoja yake ilikuwa na mantiki: betri ingeweza kuwa chini ya mkeka, na kumkimbiza hospitali mtoto asiye na dalili yoyote kungewatia wazazi hofu ya bure. Mwalimu alimjibu kwa adabu bila kusitasita: “Mzee wangu, nyie tafuteni. Mimi na mtoto tunaondoka.”

Alichukua na taa ya pili, betri yake ikiwa ndani, ili daktari aone kitu chenyewe. Akampigia mama wa mtoto, wakakutana hospitalini. Kituo hadi hospitali ni mwendo mfupi wa bajaji. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, si kooni wala tumboni. Jioni, Mzee alipokuwa akifungasha, aliinamisha behewa la pili ili kumwaga choroko walizozipakia kama shehena. Betri ikadondoka pamoja nazo. Mtoto alikuwa ameipakia mzigo. Imeingia, kama alivyosema.

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu baadhi ya wazazi waliposikia mwisho wa habari walisema mwalimu aliharakisha. Sikubaliani nao hata kidogo. Betri bapa yenye kipenyo cha milimita 20 na volti 3, ile ya ukubwa wa sarafu, ikikwama kwenye koromeo la chakula haiumizi kwa kuziba peke yake. Unyevu wa koo hukamilisha njia ya umeme kati ya pande zake mbili, na upande wa hasi huzalisha kemikali kali inayochoma nyama. Jeraha baya linaweza kutokea ndani ya saa mbili. Betri iliyoshindwa kuwasha taa bado ina nguvu ya kutosha kuunguza. Na mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote mwanzoni, au akaanza tu kukataa chakula, kutoa mate na kukohoa, vitu ambavyo mlezi yeyote angevidhania mafua. Uamuzi hupimwa kwa yale mtu aliyoyajua wakati anaamua. Mwalimu alijua betri haipo na mtoto amesema imeingia. Hayo yalitosha.

Jambo moja halikufanyika kwa kuwa hakuna aliyelijua, nalo linahusu mkoa wenyewe wa asali. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ambaye huenda amemeza betri ya aina hiyo katika saa 12 zilizopita, anaweza kupewa vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika kumi, hadi mara sita, akiwa njiani kwenda hospitali. Asali huifunika betri na kupunguza ukali wa kuungua. Haiponyi, na haimpi mtu ruhusa ya kuchelewa hata dakika moja kuitafuta. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe. Asitapishwe, na asipewe chakula kingine chochote. Katika kila kabati la kituo kile kulikuwa na chupa ya asali.

Kupanga upya

Nilipoitwa, kamati ya wazazi ilikuwa imekaribia kuamua treni isirudi kabisa. Nilimwomba mwalimu anisimulie upya, hatua kwa hatua, nikimuuliza kila mtu alikuwa anatazama wapi. Jibu lilikuwa lilelile kila mara: treni. Hatari kubwa ya siku ile ilikuwa kwenye kitu kilichokaa kimya mkononi mwa mtoto aliyekaa kimya, na kila jicho la mtu mzima lilikuwa limevutwa na kinachotembea. Amri ya “msiguse” ilichangia, kwa sababu iliwafanya watu wazima kuwa walinzi wa meza, na mtoto aliye mbali na meza akahesabiwa kuwa salama.

Tuliamua kugeuza swali. Badala ya kuuliza tuwazuieje watoto, tuliuliza ni kosa gani kubwa kuliko yote ambalo mtoto anaweza kulifanya hapa, kisha tukalifanya sisi wenyewe na kutazama.

Tulizungusha nobu hadi mwisho. Treni ikaanguka tena, safari hii juu ya godoro. Mzee akatoboa kidhibiti upande, akaweka skrubu inayozuia nobu isivuke nusu, akijaribu tena na tena hadi treni ikapita kwenye kona zote hata nobu ikiwa imefika kikomo. Kasi iliyobaki ni ya mtoto anayetembea taratibu. Meza iliondolewa; njia ikahamia kwenye plaiwudi iliyolazwa juu ya matofali mawili mawili, na ukingo wa mbao pembeni ili kinachoacha reli kisiende popote.

Mzee akalaza kijiko juu ya reli zote mbili ili kuona shoti ikitokea. Kidhibiti kilijikata chenyewe, kijiko hakikupata joto la kuunguza. Umeme unaofika kwenye reli hizi ni mdogo. Kanuni za Ulaya za vitu vya kuchezea haziruhusu kuzidi volti 24, na mtoto akigusa reli kwa kiganja hapati madhara. Volti 230 za ukutani ndizo zenye kuua, nazo zinaishia kwenye transfoma. Basi transfoma ikapandishwa kwenye rafu ya juu, ekstensheni ikaondoka sakafuni, na kinachowafikia watoto ni waya mwembamba tu wa umeme uliokwisha kupunguzwa. Kuchomeka na kuchomoa ni kazi ya mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina.

Hapo ndipo umeme ulipokatika, na Mzee akapendekeza betri ya gari. Ni volti 12 tu, alisema, chini hata ya hizo zetu. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu wazo hilo litamjia kila fundi hodari katika mji ambao umeme hukatika. Volti za betri ya gari ni ndogo kweli, lakini ikipigwa shoti haijikati. Inaweza kutoa mamia ya ampea, waya ukawa mwekundu na plastiki ikawaka kabla mtu hajafika kuuchomoa. Kijiko kilekile kilichozima kidhibiti bila madhara kingeweza kuanzisha moto. Mzee alifikiri, akakubali. Alikuwa ameshawahi kuona kamba ya kuwashia gari ikiyeyuka. Umeme ukikatika, watoto wanasukuma mabehewa kwa mkono, na wanafurahia.

Taa za kivuko zilitupwa. Chupa ya mafuta ya kutolea moshi iliyokuja na seti ilirudi nyumbani kwa Mzee. Ni mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, na mtoto akiyanywa yakampita kwenda mapafuni hali inakuwa mbaya sana. Viungio na mapipa vilipelekwa kwenye kopo lenye kifuniko.

Ngata

Kilichobaki ni zamu, na hapa Mzee ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Kwenye njia moja, alieleza, dereva haingii sehemu ya njia mpaka ameshika mkononi kitu cha ruhusa, na kitu hicho ni kimoja tu kwa sehemu hiyo. Kama hukishiki, mwenzio anacho, na kama anacho, yumo njiani. Treni mbili haziwezi kukutana uso kwa uso.

Mkewe alitengeneza ngata ya kitenge, kama ya kubebea ndoo. Ni laini, kubwa, haina ncha, na kila mtoto anaijua. Mwenye ngata begani ndiye anayekaa kwenye kigoda na kushika nobu. Anaendesha mizunguko mitatu, anasimamisha treni stesheni, anamvalisha anayefuata. Tulichagua mizunguko badala ya dakika kwa kuwa mtoto wa miaka minne anaiona mizunguko ikiisha, na dakika haioni.

Kanuni ilimhusu kila mtu, watu wazima pia. Siku ya pili ya majaribio, kichwa kilikwama kwenye vumbi na Mzee akanyoosha mkono kwenye nobu. Mtoto wa miaka mitano akamwambia, “Babu, huna ngata.” Mzee akaurudisha mkono, akasubiri. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kanuni iliposhika. Watoto waliona kwamba haiwahusu wao kwa sababu ni wadogo, inahusu njia.

Wenye miaka mitatu hawakuendesha peke yao. Walikuwa magadi, yaani wale wanaompa dereva wa treni ishara: bendera ya kijani, bendera ya nyekundu. Mwanzoni bendera zilikuwa na vijiti, na ndani ya muda mfupi mmoja alimgusa mwenzake karibu na jicho, tukabakiza vitambaa vitupu. Mtu mzima mmoja alipewa kazi ya kutoitazama treni kabisa. Anakaa mgongo ukiwa upande wa reli, anawatazama watoto walio mbali nayo. Kazi hiyo haipendezi na inachosha, na walimu hupokezana, lakini ningeondoa kila kitu kingine kwenye mpango huu kabla sijaiondoa hiyo.

Kilichofanya kazi, kilichoshindwa

Hakuna aliyeumia tangu mpango uanze. Msukosuko wa kubanana uliisha karibu mara moja, na binti aliyeangusha treni siku ya kwanza sasa ndiye anayewaonyesha wadogo jinsi ya kupunguza mwendo kabla ya stesheni.

Wenye miaka saba na minane walitushinda kwanza. Kasi iliyowafaa wadogo iliwachosha, na mmoja wao alifungua ile skrubu kwa sarafu, akairudisha baadaye bila kusema. Tuligundua kwa sababu treni ilianguka ndani ya ukingo. Mzee aliweka skrubu ya aina nyingine, lakini hilo peke yake lingekuwa mashindano ya kuvizia. Kilichowatuliza ni kupewa kazi ngumu zaidi: kipande cha kubadili njia, na kupanga mabehewa matatu kwa mpangilio uliochorwa kwenye karatasi, bila kugonganisha. Kupanga mabehewa hakuwezekani kwa kasi. Wakajifunza utaratibu wenyewe kwa kuwa kazi iliudai.

Hatukufanikiwa kuwafanya wenye miaka mitatu wasubiri. Ngata haikuwa na maana kwao; walitaka treni, sasa. Kwao tuliacha kulazimisha, tukawapa behewa moja la kusukuma kwenye kipande cha reli kisicho na umeme.

Suala zito zaidi lililetwa na mama wa yule mvulana, na halihusu betri. Alisema mwanawe sasa anaamini treni husimama ukimwonyesha dereva kitambaa chekundu, na kwamba ukizungusha nobu inasimama hapohapo. Nyumba yao iko karibu na njia halisi, na watu wa mtaa huo hukatisha relini kila siku kwenda sokoni. Treni halisi ya mizigo inahitaji mamia ya mita kusimama, na ikiwa nzito na ya kasi, hata zaidi ya kilomita. Je, tumemfundisha usalama au tumemwondolea woga uliokuwa ukimlinda?

Sina jibu la kumridhisha, na sikujaribu kumpa. Tulibadili jinsi ya kusimamisha: Mzee anawataka madereva wapunguze nobu kwa mzunguko mzima kabla ya stesheni, ili macho yao yazoee kuona treni ikiendelea kuja baada ya dereva kuamua kusimama. Pia aliwapeleka wakubwa, wakiwa na wazazi, hadi kwenye uzio wa stesheni, akawaonyesha alama mahali breki zilipofungwa na mahali treni iliposimama. Kwa wenye miaka mitano na zaidi, naona ilieleweka. Kwa mwenye miaka mitatu sina hakika kama lolote kati ya hayo linashinda furaha ya kupeperusha kitambaa chekundu na kuona kichwa kikitii.

Mama alimwondoa mtoto kwenye siku za treni, akambakiza kituoni siku nyingine. Mwalimu hakumbembeleza abadili mawazo. Bendera nyekundu imeondolewa kwa wote walio chini ya miaka mitano, na ombi la wazazi wengine la kuirudisha litajadiliwa kwenye kikao kijacho, naye mama huyo amealikwa kuongea wa kwanza.